Shefu-bandi hakunitisha, aliyenitisha ni akteri

Wiki hii mmeuliza: "Je, mtu anaweza kumfurahia mhusika mwovu kwenye filamu na bado akabaki mtu mwema?" Nililisoma swali nikacheka peke yangu. Kwa miaka sita nilikuwa nakaa mlangoni pa sinema ya video ya mjomba wangu, mtaa wa Majengo, hapa Goma, mashariki mwa Kongo, nikipokea falanga, nikifukuza watoto wanaopenya chini ya mbao, na jioni nikisikiliza ukumbi mzima ukilijibu swali hilo kwa kelele.

Ukumbi wenyewe ulikuwa chumba cha mbao na mabati, kama nyumba nyingi za mji huu unaokaa juu ya mawe ya volkeno. Mabenchi kumi na moja, televisheni moja, na jenereta lililokuwa linazima filamu ikiwa tamu. Kila filamu ilianza na swali moja kutoka gizani: "Akteri ni nani?" Kwetu akteri si mwigizaji yeyote. Ni yule mmoja ambaye filamu ni yake, wenzetu wa Tanzania wanamwita stelingi. Anayepambana naye ni shefu-bandi. Mtu aliyechelewa hakuuliza filamu inahusu nini. Aliuliza akteri ni yupi, akaonyeshwa kidole, akakaa. Kuanzia hapo alijua amfurahie nani na amzomee nani.

Mara nyingi kazi ya kuonyesha kidole ilifanywa na msimuliaji, yule mtu anayezungumza Kiswahili juu ya picha, kama DJ Afro wa Kenya. Msimuliaji akisema tu, "jambazi huyu ameua wazazi wa kijana wetu," hukumu imeshatoka, na mshtakiwa bado hajafungua mdomo.

Siku moja mjomba alileta filamu ya Kichina isiyo na msimuliaji. Hakuna aliyejua ampende nani. Baada ya dakika kama kumi ukumbi ulimchagua mwanamume mwenye suti nyeupe, kwa sababu alikuwa msafi na anatembea vizuri. Sababu nyingine sikuiona. Filamu ilipofika katikati tukagundua kwamba huyo mwenye suti ndiye shefu-bandi. Mnadhani walimwacha? Walianza kumtetea! "Yule mzee lazima alimdhulumu baba yake." "Angalia, mtoto hajamgusa." Kijana mmoja aliyekuwa anasukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, pale mtaa wa Birere alisimama akaeleza kesi nzima, utadhani ni mwanasheria, kuhusu shamba lililoporwa ambalo halikuwamo popote kwenye filamu. Suti nyeupe alipopigwa risasi mwishoni walinizingira mlangoni. "Patro, rudisha falanga zetu! Akteri hakufwake!" Yaani akteri hafi. Hawakutaka kusikia kwamba hakuwa akteri.

Miaka baadaye, nikisoma saikolojia chuoni, nilikutana na maandishi ya Mmarekani Arthur Raney, ambaye anasema jambo lililo karibu sana na la jioni ile: mara nyingi tunapenda kwanza, halafu maadili yanaitwa kuja kutoa sababu. Kabla yake mtafiti mwingine, Dolf Zillmann, alikuwa ameeleza mambo kwa mpangilio mwingine. Kwake, mtazamaji ni hakimu asiyechoka: anapima matendo ya mhusika, akiyakubali anampenda na kumtakia heri, akiyakataa anamchukia na kumwombea mabaya. Starehe inakuja pale heri na shari zinapowafikia wanaostahili. Wote wawili nimewaona kwenye mabenchi yetu. Filamu yenye msimuliaji ilikuwa ya Zillmann, ile ya suti nyeupe ilikuwa ya Raney.

Lakini msidhani ukumbi ulikubali kila kitu. Mhusika mwovu aliruhusiwa kuiba, hasa kwa tajiri. Aliruhusiwa kuua wenye bunduki. Kumpiga mama yake, hapana. Na kumsaliti rafiki ndiyo ilikuwa dhambi isiyo na toba. Shefu-bandi alizomewa kwa furaha, karibu kwa mapenzi, kama timu ya wapinzani. Yule wa upande wetu aliyepiga simu usiku kumweleza shefu-bandi maficho ya akteri, huyo hakuzomewa. Alinyamaziwa. Kisha ukisikia tusi, si la mchezo tena. Mwanasaikolojia Jonathan Haidt na wenzake wanasema maadili yana misingi kadhaa, kama kutunza wanyonge, haki, uaminifu kwa kundi, heshima kwa wakubwa na usafi wa mwili na roho, na kwamba watu hawaipi yote uzito sawa. Mimi sishangai kwamba Goma uaminifu unapita vingine. Mji ambao watu wamefungasha na kukimbia mara nyingi hivi unajua gharama ya jirani anayewaonyesha wenye bunduki nyumba ya mwenzake.

Hata hivyo kumpenda mkosaji hatukufundishwa na televisheni. Koko wangu, bibi mzaa mama, alitusimulia jinsi sungura alivyoajiriwa na chui kulea watoto wake, akawala mmoja baada ya mwingine, na kila jioni akimwonyesha mama yao waliobaki mara mbili mbili ili hesabu itimie. Tulicheka mpaka tukaumwa mbavu. Watoto wanaliwa, mama anadanganywa, na sisi watoto tunacheka! Sikumbuki hata mmoja wetu aliyewalilia wale wadogo wa chui. Mkubwa amedanganywa na mdogo, basi hesabu yetu ilikuwa imefungwa. Na koko alikuwa mwanamke wa kanisa, hakukosa misa ya Jumapili. Kwa hiyo jibu langu kwa swali lenu, kama mnalitaka kwa neno moja, ni ndiyo.

Sasa niseme linalonisumbua, maana nadhani swali lenu limemlenga mtu asiyehusika.

Wazazi wa mtaani walikuwa wanakuja kumlaumu mjomba kwamba filamu zake zinafundisha ujambazi. Mjomba aliwasikiliza, akawapa kiti, akaendelea kuuza tiketi. Mimi nilitoka nje kuangalia watoto wakicheza walichokiona. Hakuna mtoto aliyetaka kuwa shefu-bandi. Nafasi hiyo alipewa mdogo kuliko wote, au mgeni wa mtaa, kwa nguvu. Waligombana kuwa akteri. Na kwenye mchezo, nani alikuwa anapiga? Akteri. Nani alimkalia mwenzake kifuani na kumjaza vumbi mdomoni? Akteri, na wengine wote wakipiga makofi, kwa kuwa aliyekuwa chini "ni bandi." Kule Kinshasa miaka ya 1950 vijana walioiga filamu za kauboi, wakavaa kama wao na kutawala mitaa kwa ngumi, walijiita Bills. Jina walilitoa kwa Buffalo Bill, aliyekuwa shujaa wa hadithi zile.

Mwovu tunamwangalia kwa macho mawili: tunacheka naye, lakini tunajua. Akteri tukishampitisha hatumwangalii tena. Kila anachofanya kimeshapata kibali.

Mwaka 1975 Zillmann na mwenzake Jennings Bryant waliwaonyesha watoto hadithi ya wana wawili wa mfalme, mmoja mwema na mmoja mwovu. Mwema anadhulumiwa, baadaye anapata nguvu, na hapo hadithi inagawanyika: wengine waliona mwovu akisamehewa, wengine waliona akiadhibiwa kwa kadiri ya kosa lake, wengine waliona akiadhibiwa kupita kiasi. Watoto wa miaka minne walifurahi zaidi kadiri adhabu ilivyokuwa kali. Wale wa miaka saba na minane walifurahia zaidi adhabu iliyolingana na kosa, na ikizidi furaha yao ilipungua, hata kama aliyeadhibiwa ni mwovu yule yule. Niliposoma hayo nilijiuliza mabenchi yetu yalikuwa na umri gani. Mchana, wakikaa wanafunzi, nilisikia miguno adhabu ikipita kipimo. Usiku, ukumbi ukijaa watu wazima waliochoka na wengine wamekunywa, walirudi kuwa na miaka minne. "Ongeza! Ongeza!"

Sisemi hivyo kuwadharau. Nami nilipiga kelele hizo. Mtu ametoka sokoni Virunga ametozwa, amesukumwa, ametukanwa na mwenye sare, hana pa kushtaki. Kwa falanga mia mbili za wakati ule anapata dakika tisini za dunia ambamo mdhulumaji anajulikana kwa sura na analipa kabla ya taa kuwashwa. Mchungaji anayekuja kumwombea mchawi mwishoni mwa filamu ya Nigeria, naye anafanya kazi hiyo hiyo, ila kwa maji badala ya ngumi. Ningekuwa na sinema leo ningeziweka zote.

Kuna jioni moja tu ambayo sijamaliza nayo. Akteri wetu, mtu mzuri, mwenye mke aliyetekwa, alimfunga kwenye kiti kijana mmoja wa shefu-bandi ili amweleze alipo bosi wake. Hakuwa mtu mkubwa. Kazi yake tangu mwanzo ilikuwa kufungua geti. Akteri akaanza na vidole. Ukumbi ulikuwa unaimba. Mzee mmoja anayeuza makaa, mteja wetu wa kila Ijumaa, alisimama katikati ya kelele, akapita mbele ya televisheni akiinama, akatoka. Nilifikiri anaenda kujisaidia. Hakurudi.

Ijumaa iliyofuata alikuja mapema, kabla ya jenereta kuwashwa, akanipa falanga zake.

"Yaya," akaniita, yaani mkubwa wangu, ingawa nilikuwa na umri wa mjukuu wake, "ule mwenye walifunga ku kiti, walimufungula?"

Filamu ile nilikuwa nimeiona mara nne. Nilijua mke aliokolewa, nilijua shefu-bandi alianguka kutoka ghorofani, nilijua hata rangi ya gari. Nilisimama pale na falanga za mzee mkononi nikijaribu kukumbuka kile kiti, na sikukumbuka.