Kwako uliyepewa bajeti ya boti za doria Kisumu

Kitu cha kwanza nakuomba usikifanye: usigawe fedha za mwaka mafungu manne sawa. Mwaka wa fedha wa serikali hufungwa tarehe 30 Juni, na uvuvi wa omena (dagaa wa ziwani) kwa kawaida hupigwa marufuku kuanzia Aprili hadi Julai. Maana yake, miezi ambayo boti zinatakiwa ziwe ziwani usiku kucha ndiyo hiyo ambayo fungu limekauka na ununuzi unafungwa. Robo ya mwisho ndiyo ipate kubwa.

Pili, panga kwa saa za injini, si kwa siku za doria. Kuzunguka Dunga, hapa jirani na mji, na kwenda hadi Mbita, mbali kwenye mdomo wa ghuba, zote huandikwa siku moja, lakini hazilingani hata kidogo. Injini nyingi za kufunga nyuma ya boti hutaka sevisi kila saa 100. Ukisoma mita ya saa za injini kila Ijumaa na kuandika kwenye daftari, utajua sevisi itaangukia wiki gani.

Petroli inaliwa na mwendo kuliko umbali. Kaa na nahodha mkubaliane mwendo wa doria ya kawaida, kasi ya mwisho ibaki ya uokoaji. Theluthi moja ya tangi ni ya kwenda, moja ya kurudi, moja akiba. Hiyo akiba usikubali mtu wa hesabu aikate. Upepo wa Ghuba ya Winam ukichafuka, ndiyo inayowarudisha vijana nyumbani.

Halafu kuna gugu maji, na hapa usifanye mchezo. Huziba matundu ya maji ya kupozea injini, impela ya mpira inayosukuma maji hayo inazunguka kavu na kukatika, injini inachemka. Impela ni bei ndogo mno ukilinganisha na injini iliyoungua. Gugu likifunga gati, boti huzunguka mbali au hukwama kabisa, kwa hiyo ombeni mapema ruhusa ya kuegesha moja nje ya ghuba.

Orodha ya spea ikitoka Mombasa, ipitie tena. Vipande vya zinki vya kuzuia kutu ni vya maji ya chumvi. Huku ziwani vinafaa vya magnesi.

Impela, plagi, oili na vichujio vya msimu wa marufuku viwe ghalani kabla Machi haijaisha.