Pralini za Pekani: Usikimbilie Mwiko

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Nairobi aliniandikia ujumbe mrefu wenye huzuni kuhusu pralini, vile vitamu vya shira ya sukari, maziwa na siagi vyenye pekani ndani, njugu za Marekani. Kanunua pekani kwa bei ya kukata maini, siagi halisi, vanila, na kipimajoto kipya cha jikoni. Kafuata vipimo vyangu vyote, kasubiri namba ifike 114, kaepua. Alichopata ni mchanga: pralini kavu zinazomeguka vumbi ukizigusa, na nusu ya shira imegandia sufuriani. "Dada, nimekosea wapi?"

Hujakosea, mdogo wangu. Nairobi iko juu, mita 1,700 na ushei kutoka usawa wa bahari, na huko maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, hayafiki 100. Shira nayo inafuata mkondo huohuo. Mimi napikia Houston, Texas, nchi tambarare iliyo karibu na bahari, kwa hiyo 114 yangu ni 108 yako. Ulipofikisha 114 maji yalikuwa yameshakauka kupita kiasi, sukari haina tena unyevu wa kuishikilia. Kabla ya kupika, chemsha maji matupu, tumbukiza kipimajoto, soma. Kikionyesha 94, toa sita kwenye kila namba ya kuchemshia shira utakayoikuta katika mapishi ya mtu wa bondeni. Na nyie wa Dar, Mombasa na Tanga fanyeni hivyohivyo, maana vipo vipimajoto vinavyodanganya tangu vinatoka dukani.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini ujumbe huo umenikuta wiki ileile niliyopeleka pralini zangu harusini, na nina mengi moyoni.

Harusi ilikuwa ya familia yenye asili ya New Orleans, mji wa jimbo la Louisiana. Meza ya vitamu kwao bila pralini haijakamilika, na mara hii waliniagizia mimi. Nilikuwa nimesimama pembeni nikipanga sinia la mwisho pale bibi yake bwana harusi, mama mtu mzima sana, alipochukua moja. Hakuitia mdomoni. Aliivunja kwanza kwa vidole, akaisogeza karibu na macho, akatazama ndani. Huyo anajua anachokitafuta: pralini iliyoiva sawasawa inakatika bila kuvutika, na ndani yake ni laini, chembe za sukari huzioni kwa macho, unazihisi tu ulimini zinapoyeyuka. Akaila yote. Akaniuliza nimeagiza duka gani la kwao. Nikamwambia nimepika mwenyewe jikoni kwangu, na kwetu ni Tanga. Akanishika mkono, na hakuuachia mpaka alipoitwa kwenye picha.

Naandika haya kwa fahari, sifichi. Naandika pia kwa sababu Krismasi moja huko nyuma, kwenye mkusanyiko wa watu wetu hapahapa Houston, nilipanga sinia zangu mezani, na dada mmoja ninayemheshimu akasema kwa sauti, ukumbi mzima ukisikia: "Kashata za kwetu zimekushinda, sasa unatuletea kashata za Wazungu?" Watu wakacheka. Sinia zikarudi karibu kama zilivyokwenda. Nilitabasamu, nikafunga vitu vyangu, nikaenda kulia kwenye gari. Mpaka leo nikikutana naye tunasalimiana vizuri, lakini kifua kinabana.

Sikumjibu siku ile. Jibu langu ni hili.

Wafaransa walikuwa na lozi zao zilizovikwa sukari tangu karne ya 17, na jina la pralini limetokana na kabaila wao mmoja ambaye jikoni kwake ndiko zilikoanzia. Zilipovuka bahari hadi Louisiana, lozi zilikuwa adimu. Pekani ndizo zilizojaa msituni, na wenyeji wa asili wa nchi ile walikuwa wakizila kabla Mzungu hajatia mguu. Sukari ilikuwa ya miwa iliyokatwa na watumwa. Na mikono iliyotia maziwa na siagi kwenye sufuria ile, ikageuza tamutamu ya kabaila kuwa kitu kingine kabisa, ilikuwa mikono ya wanawake weusi. Katika karne ya 19 wanawake hao walipita na vikapu vyao katika mitaa ya French Quarter, sehemu kongwe ya New Orleans, wakinadi pralini, na kwa wengi wao hizo zilikuwa senti walizozipata kwa jasho lao wenyewe.

Hata mti una habari yake. Pekani ukiipanda kwa mbegu hujui itakuzalia njugu gani, nene au nyembamba, yenye ganda jepesi au gumu. Aliyefaulu kubebesha mti huo, yaani kuunga kitawi cha mti mzuri kwenye shina la mwingine, ili uzae njugu zilezile nzuri mwaka hadi mwaka, ni Antoine, mtunza bustani aliyekuwa mtumwa katika shamba la Oak Alley, Louisiana, miaka ya 1840. Jina lake la pili halikuandikwa popote. Njugu za aina aliyoianzisha zilipata tuzo kwenye maonyesho makubwa ya Philadelphia mwaka 1876. Kwa hiyo mtu akiniambia hizi ni kashata za Wazungu, namwambia: kaa chini, dada yangu, nikusimulie.

Mimi nimefundishwa na jirani yangu, mama mweusi wa New Orleans, mmoja wa maelfu waliokimbilia Houston baada ya kimbunga Katrina mwaka 2005. Alitoka na nguo za mwilini. Sufuria nzito ya chuma aliyorithi kwa mama yake ilibaki kwenye maji, na nilikuwa namwona jinsi anavyonyamaza kila akiikumbuka. Huyo kipimajoto hakukitaka. Alikuwa anasikiliza. Shira ikianza kuchemka mapovu ni mengi, mepesi, yana kelele. Maji yakipungua mapovu yanakuwa mazito, yanapasuka taratibu, na mlio unashuka. Hapo ndipo alipokuwa anadondosha tone kwenye bakuli la maji baridi. Tone likitawanyika, bado. Likijikusanya kidonge laini kinachobonyea ukikiinua kwa vidole, epua. Nilipoona vile nilicheka kwa furaha, maana bibi zetu wa pwani nao shira ya kashata wanaipima kwa vidole, wakiangalia kama inavuta uzi.

Vipimo vyangu ni hivi, kwa kikombe cha Kimarekani: sukari nyeupe kikombe kimoja na nusu, sukari ya kahawia robo tatu ya kikombe iliyoshindiliwa, maziwa mazito ya kopo yasiyo na sukari nusu kikombe, siagi vijiko sita vya chakula, pekani kikombe kimoja na nusu, vanila kijiko cha chai, na chumvi ya kubana kwa vidole. Ukipika kwa mizani, ni gramu 300 za sukari nyeupe, 165 za kahawia, 85 za siagi na kama 150 za pekani. Zinatoka pralini 20 hivi, kutegemea na mkono wako. Wengine wanaongeza magadi ya kuokea kidogo ili maziwa yasikatike kwa asidi ya sukari ya kahawia, na rangi ikolee zaidi. Mimi huwa siweki.

Pekani kaange kwanza kwenye oveni, nyuzi 175, dakika nane hadi kumi, mpaka jiko zima linukie. Usiruke hatua hiyo. Na kabla ya hapo zinuse. Zaidi ya theluthi mbili ya uzito wa pekani ni mafuta, na mafuta hayo yakichacha hakuna vanila itakayokuokoa. Huku Texas, ambako pekani ndio mti rasmi wa jimbo tangu 1919, zinaanguka kuanzia Oktoba, na watu wanaziokota uani. Mimi nanunua mpya msimu huo, zikiwezekana kutoka San Saba, mji mdogo unaojiita makao makuu ya pekani duniani, nazijaza mifukoni, nazitia kwenye friza mwaka mzima.

Sukari zote mbili, maziwa, siagi na chumvi weka pamoja kwenye sufuria nene, moto wa wastani, koroga mpaka sukari iyeyuke. Tandika karatasi ya kuokea mezani mapema, na vijiko viwili viwe tayari. Baadaye hutapata nafasi ya kutafuta kijiko.

Sasa fika 114, au namba yako kama uko juu. Epua. Na hapa, ndugu zangu, ndipo watu wanapoharibu.

Mkono wa kashata unataka kukoroga hapohapo. Kwenye kashata ya karanga shira ikiiva unamwaga karanga, unakoroga, unatandaza, unakata. Pralini haitaki. Ukiikoroga ikiwa bado ya moto sana, sukari inajenga chembe kubwakubwa, na chembe kubwa ndizo zile zinazokwaruza ulimi. Iache ipoe dakika kadhaa bila kuigusa, mpaka ishuke kama nyuzi 90. Usitikise sufuria. Usichovye kidole. Ikishatulia ndipo utie vanila na pekani, uchukue mwiko wa mti na kuanza kukoroga, na hapo chembe zinazozaliwa ni ndogo mno, nyingi kwa mpigo, ndiyo maana ulimi unasikia ulaini.

Sasa usiondoe macho. Mwanzoni shira inang'aa, unaona taa ya dari ndani yake. Unakoroga, unakoroga, mkono unaanza kuchoka. Halafu ule mng'ao unapungua, rangi inageuka kidogo kuelekea ya chai ya maziwa, na mwiko unaanza kuacha njia chini ya sufuria ambayo haizibi haraka. Pembeni, kwenye ukuta wa sufuria, unaona utando mweupe. Hapo hapo teka, dondosha, teka, dondosha. Ukipokea simu sekunde hiyo umepoteza sufuria nzima. Ikikugandia katikati ya kazi, tia kijiko kimoja cha maji ya moto, rudisha kwenye moto mdogo, ilegeze taratibu, uendelee. Haitakuwa nzuri kama ya kwanza lakini italika.

Nasema tena: epua, subiri, ndipo ukoroge. Mtu akiniuliza siri ya pralini namwambia ni hiyo, na akiniuliza siri ya pili namrudishia hiyohiyo.

Kuna jambo la hewa pia. Sukari inanyonya unyevu. Siku ya mvua, au Houston ya Agosti, au Dar wakati wa masika, pralini zinaweza kukataa kukauka na kubaki zinanata karatasini. Jirani yangu siku za mvua hakuwasha jiko kabisa. Mimi mwenye oda sina anasa hiyo, kwa hiyo nafunga madirisha, nawasha kiyoyozi mapema, na shira naipandisha nyuzi moja au mbili zaidi.

Kuhusu njugu: ukikosa pekani, korosho za Mtwara zinafanya kazi nzuri sana, na makadamia za Kenya pia. Karanga zinafaa ila zina ladha kali, punguza vanila. Hiliki nimejaribu, nikaipenda, lakini kwa wateja wa New Orleans siitii hata punje moja. Kitu cha watu unakipika kama wanavyokipika wao kwanza. Ukishakiweza, jikoni kwako ni kwako.

Na sasa nizungumze na nyie mnaotaka kuuza, maana najua wengi mnaonisoma ndiyo ndoto yenu. Acheni kuuza kwa bei ya kuombea msamaha. Pekani ni ghali, siagi ni ghali, na mkono wako unaokoroga mpaka unauma si wa bure. Watu wetu wakisema "fanya ya undugu", wape undugu kwa kuwaongezea moja mfukoni, bei ibaki palepale. Na wakikucheka mbele za watu, dada yangu, usiache kupika. Usibadilishe kazi yako ili waliokucheka wakukubali. Mimi ningewasikiliza, leo ningekuwa napika vitu nisivyovipenda kwa watu wasionunua. Piga magoti, muombe Mungu, amka, washa jiko. Mteja wako yupo, pengine si mtu wa kwenu, pengine ni mama wa watu ambaye hamjawahi kuonana, na atakujua kwa kuivunja na kuitazama ndani.

Kwa walioko Texas: sheria ya jimbo inaruhusu kuuza vitamu vya aina hii kutoka jikoni kwako tangu 2013. Unatakiwa kuwa na cheti cha kozi fupi ya usafi wa chakula, na kila pakiti iwe na lebo inayosema imetengenezwa nyumbani na jiko halikaguliwi. Kwenye lebo hiyo andika pekani, maziwa na siagi kwa herufi zinazosomeka bila miwani, kwa sababu mzio wa njugu unaua. Walioko majimbo mengine waulize idara ya afya ya kwao, sheria zinatofautiana.

Kila pralini ifunge peke yake, zote ziingie kwenye kopo lisilopitisha hewa, zikae nje ya friji. Wiki ya kwanza ni tamu kabisa, ya pili zinaanza kukauka pembeni. Mimi oda za Krismasi naanza kuzipika katikati ya Desemba, si kabla, hata mteja akinibembeleza vipi.