Mzimu wa mgodini: amegonga au umegonga?

Swali: Shikamoo mwalimu. Naandaa hadithi za wachimba madini wa nchi mbalimbali niwasomee wanafunzi wangu hapa Majengo, Moshi. Nimeandika "mzimu amegonga ukuta wa mgodi". Mwalimu mwenzangu kasahihisha: "umegonga". Kati yetu nani kakosea?

Jibu: Marahaba. Mwenzako anafuata ngeli: mzimu umegonga, mizimu imegonga. Lakini nawe hujakosea. Kiswahili hutazama uhai kwanza, umbo la neno baadaye. Ndiyo maana kiboko amezama, si kimezama. Katika hadithi, mzimu unaogonga na kudai chakula sikio linausubiri kwa a-. Iache, mradi usichanganye ukurasa huohuo. Pepo na jini hawana ubishi: pepo amempanda, majini wamemwingia. Zimwi tu usiliguse. "Zimwi likujualo halikuli likakwisha": linakula watu na bado ni li-.

Kinachonigusa zaidi ni neno lenyewe. Mzimu kwetu ni roho ya aliyekufa. Wagongaji wa Cornwall, Uingereza, wanalistahili jina hilo. Wachimba bati walisikia ngo, ngo, ngo ndani ya mwamba, na wengine wakaamini ni wenzao waliofukiwa na kifusi, wanaonya kwamba mwamba unataka kushuka. Wakawa wanawaachia kipande cha chakula chao.

El Tío wa Potosí, Bolivia, hakuwahi kuwa maiti, basi usimwite mzimu. Yeye ndiye mwenye mgodi. Sanamu yake yenye pembe imekaa shimoni, na wachimbaji humwekea majani ya koka, sigara na pombe. "Tío" kwa Kihispania ni ndugu wa baba au wa mama, hawabagui. Kiswahili kinakulazimisha uchague. Mwite Mjomba. Ndilo jina tunalomwitia hata mtu asiye wa ukoo tukiwa na shida naye.

Kobold wa Ujerumani ningemwita kibwengo. Wachimbaji walipata mawe wakidhani ni ya fedha, wakayayeyusha, fedha haikutoka, ukatoka moshi wenye sumu ya aseniki. Wakasema kibwengo kaiba. Jina lake likabaki kwenye mawe hayo, na miaka ya 1730 Georg Brandt wa Uswidi akaonyesha kuwa ndani yake mna metali mpya: kobalti. Nikeli nayo ni hivyohivyo. Nickel alikuwa kibwengo aliyelaumiwa kwa mawe mekundu yasiyotoa shaba, mpaka Axel Cronstedt, Mswidi mwingine, alipoipata metali yenyewe mwaka 1751.

Hapo wanafunzi wako waonyeshe ngeli inavyogeuka. Hakuna anayesema nikeli ya Kabanga, kule Ngara, "amepatikana". Imepatikana. Basi andika: kibwengo ameiba fedha, kobalti imebaki.