Glock 19 au 43X kwa anayenunua mara ya kwanza

Chukua 19. Zote mbili ni bastola za risasi za milimita 9, ila 43X ni nyembamba na nyepesi, hivyo inaruka zaidi mkononi, na anayejifunza huanza kuuogopa mshtuko kabla hajajua kulenga. Magazini ya 19 hubeba risasi 15, ya 43X 10. Nilimfundisha shemeji yangu kwa zote mbili hapa Texas. Kwa 19 alitulia mapema. Kama utaivaa chini ya shati kutwa nzima, hapo 43X inajificha vizuri zaidi. Kodisha zote kwanza kwenye uwanja wa shabaha. Na tafadhali, hizi kwa kawaida hazina swichi ya usalama ya kidole gumba: nunua ala ngumu inayofunika kifyatulio chote, na kasha la kufuli kama nyumbani kuna watoto.