Bonsai Goma: shina kwanza, chungu baadaye

Majirani wakiniuliza wanunue chungu gani cha bonsai, yaani mti unaotunzwa uwe mdogo ndani ya chungu, huwaambia chungu kingoje. Mche ukibanwa mapema hubaki mwembamba miaka nenda rudi, maana shina hunenepeshwa na majani mengi na mizizi yenye nafasi. Kata bidoni ya manjano ya lita 20 katikati, toboa chini, panda humo, uache mche ukue ovyo hata ukupite kimo. Unene wa shina ukikuridhisha ndipo unapogoa, tena bila huruma.

Ila utazame ni mti gani. Mvumu (mti wa jamii ya mtini) na ndugu zake wenye utomvu mweupe hata ukiubakiza kisiki kitupu, utachipua. Bogenvilia vilevile. Mseprese wa uani haukubali: tawi lisilo na kijani halirudishi majani, kwa hiyo ukifupisha, bakiza majani mabichi nyuma ya mkato. Mkaratusi siushauri kabisa. Jani lake ni refu mno kwa mti wa sentimita 30.

Kwenye udongo sisi wa Goma tuna bahati, ingawa ni bahati chungu. Wapenzi wa bonsai wa Ulaya hununua mawe ya volkano kwa mfuko. Sisi volkano yetu ya Nyiragongo ilituletea mwaka 2002, ikaongeza 2021, na tumejenga juu yake. Chagua makoro (ndiyo mawe hayo ya volkano) mepesi yenye vitundu, ponda kwa nyundo hadi punje za milimita 3 hadi 6, chekecha, kisha osha. Usiwe mvivu hapo, kwani vumbi likibaki huziba nafasi, maji yakatuama na mizizi ikaoza. Ongeza mboji kidogo tu. Mchanganyiko huu hukauka haraka, hivyo kuanzia Juni hadi Agosti mwagilia kila siku.

Kuhamisha mti na kupunguza mizizi kungoje mvua za Septemba. Theluthi moja ya mizizi inatosha.

Waya wa kukunjia matawi si lazima uagizwe. Menya waya wa umeme wa shaba, upashe moto ulainike, uache upoe, kisha uuzungushe kwa mshazari. Wakati wa mvua kagua kila wiki, kwa sababu tawi hunenepa upesi na waya ukizama kwenye gome huacha kovu. Kuutoa, usiuzungushe kurudi nyuma, utavunja tawi. Ukate vipande vipande kwa koleo, hata kama roho inauma kupoteza shaba.