Pensheni ya laki na nusu, unaishi peke yako: nunua chakula cha mwisho wa mwezi kwanza

Ndugu yangu mleta uzi, umesema una miaka 61, unaishi peke yako kwenye nyumba yako ya vyumba viwili Morogoro, pensheni ni 150,000 kwa mwezi, na kila ikifika tarehe kumi baada ya kulipwa huna kitu. Umeuliza ukate nini. Kwa matumizi uliyoyaorodhesha (unga nusu nusu kilo, mafuta ya kupima, umeme wa buku buku, mkopo wa simu mwezi ukikaribia kuisha) sioni cha kukata. Tatizo ni utaratibu wa kununua. Kwa kipato cha namna hii, siku ya pensheni unaanza kwa kununua chakula cha siku kumi za mwisho, ndipo ufikirie kesho.

Mgawo unaokaa vizuri kwa mtu mmoja asiyelipa kodi ya nyumba ni huu: chakula 75,000, nishati 16,000, dawa na matibabu 15,000, sabuni na usafi 8,000, maji 6,000, simu 5,000, nauli 5,000, kikundi cha kuzikana 5,000, michango na sadaka 5,000, dharura 10,000. Hiyo ni laki na nusu kamili. Dharura usiitoe benki kabisa. Zinazobaki toa mara moja tu, kwa sababu kila safari ya ATM au wakala ina makato yake, na anayetoa elfu kumi kumi mwezi mzima analipia pesa yake mwenyewe mara kumi na nne.

Kwenye chakula, gawa ile 75,000 sehemu mbili. Sehemu ya kwanza, 45,000, ni ya vyakula vikavu, na inaisha siku ile ile: unga kilo 6, mchele kilo 4, maharage kilo 3, dagaa nusu kilo, mafuta lita 1, sukari kilo 1, chumvi na majani ya chai. Nimepiga unga 1,600, mchele 2,600, maharage 3,000, dagaa 6,000 hiyo nusu, mafuta 5,500, sukari 3,000, na 1,500 ya chumvi na majani. Weka bei za sokoni kwako, kanuni haibadiliki. Ugali wa mtu mzima asiyefanya kazi nzito unatosha kwa gramu 150 za unga, wali kwa gramu 130 za mchele. Kilo 6 na kilo 4 zinakupa milo kama 70, yaani miwili kwa siku na ziada ya uji. Maharage kilo 3 ni gramu 100 kila siku, ambazo zikiiva ni bakuli la kutosha.

Sehemu ya pili ni 30,000, sawa na buku moja kila siku: fungu la mchicha au matembele, nyanya mbili, kitunguu, siku nyingine yai au ndizi mbivu. Hiyo iweke kwenye bahasha za wiki, 7,000 kila moja, na elfu mbili inayobaki ni ya siku mbili za mwisho. Bahasha ya wiki hii ikiisha Ijumaa, Jumamosi unakula maharage na dagaa uliyokwisha kununua. Hufungui bahasha nyingine. Pia tenga mapema theluthi moja ya vyakula vikavu kwenye ndoo yenye mfuniko, uifunge na uiweke mbali na jiko. Hiyo ndiyo inayokuvusha bila kukopa.

Mambo yanayoharibu stoo ya mtu mmoja ni machache na yanazuilika. Dona usinunue la mwezi mzima, maana kiini cha mahindi kina mafuta na baada ya wiki mbili tatu unga unaanza kuwa mchungu. Nunua kilo 3, halafu kilo 3 nyingine katikati ya mwezi, hela yake iwe imefungwa pembeni tayari. Sembe inakaa zaidi. Maharage yajaze kwenye dumu kavu hadi shingoni na ukaze kifuniko, wadudu wakikosa hewa hawaendelei. Yakiota ukungu, au mahindi na karanga zikiwa na ukungu, usioshe ukala, tupa. Sumukuvu haiondoki kwa kuchemsha. Dagaa chagua walioanikwa kwenye chanja. Waliokaushwa chini wana mchanga, na kwenye mizani unalipia mchanga huo.

Sasa kupika, kwa sababu hapa ndipo mkaa na gesi vinapotea bila mtu kujua. Maharage gramu 200 ni ya siku mbili. Yaloweke jioni, yalale kwa muda wa saa nane hadi kumi na mbili, mwaga maji hayo, weka mapya. Chemsha kwa moto mkali dakika 30 sufuria ikiwa imefunikwa. Kisha iepue ikiwa inatokota na uitumbukize kwenye kikapu kilichojazwa matambara makavu au blanketi kuukuu, unene wa kiganja kila upande na juu yake, ukiacha kwa muda wa saa tatu bila kufungua. Yataiva yenyewe. Ukirudi, yachemshe tena dakika kumi ndipo uunge. Wengi wanaosema njia hii haifanyi kazi wametumia sufuria kubwa yenye maji nusu: hewa nyingi ndani, joto linapungua haraka. Tumia sufuria ndogo iliyokaribia kujaa. Zile dakika 30 za mwanzo usizipunguze, maana maharage, hasa mekundu, yana sumu asilia inayoharibiwa na mchemko kamili tu, na joto la kikapu peke yake halitoshi. Magadi ya kulainishia achana nayo ikiwa una presha, yana sodiamu nyingi. Kama hayalainiki hata baada ya kuloweka, ni ya zamani. Badilisha muuzaji.

Huna friji, na kwa kipato hiki usiitafute. Friji ndogo inakula karibu uniti moja kwa siku. Maharage ya jana yanalindwa kwa kuyachemsha hadi yatokote asubuhi na jioni. Wali pika wa mlo mmoja.

Gesi ya mtungi wa kilo 6 inamtosha mtu mmoja anayepika hivi karibu wiki nane. Kwa bei ya 24,000 tenga 12,000 kila mwezi, maana gesi huisha siku usiyotarajia na ndiyo inayokupeleka kwenye mkaa wa kopo, ghali kuliko wote. Dukani dai upimiwe kwenye mizani: uzito wa mtungi mtupu umeandikwa juu ya mtungi wenyewe, ongeza 6, jibu ndilo linalotakiwa kusoma. Ukifika nyumbani paka povu la sabuni kwenye maungio. Vikitoka viputo, usiwashe.

Umeme nimeupa 4,000 iliyobaki, na hapa kuna pesa umeiacha mezani kwa miaka. Angalia risiti yako ya LUKU. Kama buku moja inakupa uniti 2.8, uko daraja T1. Mwenye matumizi yasiyofika uniti 75 kwa mwezi anastahili D1, ambako uniti ni shilingi 100 kabla ya kodi na tozo, na buku inatoa uniti 8.2. Nenda ofisi ya TANESCO ya eneo lako na namba ya mita, omba matumizi yako yahakikiwe. Ukishapewa usivuke 75, utachajiwa bei kubwa kwa zinazozidi na unaweza kurudishwa ulikotoka.

Pili, kwenye LUKU unakatwa 1,500 kila mwezi ya kodi ya jengo. Mzee wa miaka 60 na kuendelea anaweza kuombewa msamaha kwa nyumba moja anayoishi mwenyewe na isiyofanyiwa biashara. Anzia kwa mtendaji wa mtaa ukiwa na kitambulisho cha NIDA, namba ya mita na hati au barua inayoonyesha nyumba ni yako. Maombi mengi yanakwama kwa sababu mita bado ina jina la aliyeuza kiwanja au la marehemu mzazi, kwa hiyo rekebisha jina kwanza. Fanya hesabu uone: 4,000 kwenye T1 na kodi ikikatwa ni uniti 7. Kwenye D1 bila kodi ni zaidi ya 32.

Matibabu. Sera ya Taifa ya Wazee inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na wazee wasiojiweza wana msamaha wa gharama kwenye vituo vya serikali. Kitambulisho cha msamaha huo kinapitia kwa mtendaji na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Utaambiwa una pensheni kwa hiyo unajiweza. Peleka taarifa ya benki ya miezi mitatu inayoonyesha kiasi, zungumza kwa upole, na usiondoke bila kujua maombi yako yamefikia kwa nani. Kitambulisho hicho hakimalizi tatizo la dawa kutokuwepo kituoni, ndiyo maana ile 15,000 ipo. Duka la dawa taja jina la dawa yenyewe, siyo la kampuni, na uulize iliyo nafuu. Ya presha nunua ya mwezi mzima siku ya pensheni, kabla ya mchele. Nakusihi sana usikate vidonge nusu ili vifike mwisho wa mwezi. Kiharusi kwa anayeishi peke yake kinaweza kumkuta hana wa kumwinua.

Kuhusu hilo la upweke, patana na jirani mmoja: dirisha la mbele likiwa halijafunguliwa hadi saa mbili asubuhi, agonge. Ufunguo wa pili awe nao yeye au mjumbe. Namba tatu za ndugu ziandike kwa herufi kubwa kwenye karatasi ukutani, maana simu hufungwa kwa namba ya siri. Kama choo kiko nje, weka ndoo yenye mfuniko chumbani usiku, na sakafu ya bafu ikwaruzwe au iongezwe saruji yenye kokoto laini. Wazee wengi huanguka hapo.

Michango ndiyo inayouma zaidi, najua. Kinachomfunga mtu ni ile ahadi aliyoitoa kikaoni mbele za watu. Waambie kamati mapema: "Nitashiriki kwa elfu mbili na nitakuwepo." Usiandike elfu ishirini kwenye daftari. Kuzikana usiache hata mwezi mmoja, kwa sababu vikundi vingi vina kanuni ya kumfuta aliyepitiliza.

Mikopo ya simu na ya kausha damu, hapana. Ile 10,000 isiyoguswa ikifika miezi sita ni 60,000, nayo itatosha kwa mengi ambayo sasa unayakopea.

Mwisho, uhakiki wa wastaafu. Ukipita muda bila kuhakikiwa, mfuko wa pensheni unasimamisha malipo, na kuyarudisha kunachukua muda ambao huna akiba ya kuuvuka. Hakikisha jina la NIDA, la benki na la mfuko yanafanana herufi kwa herufi, na namba yako ya simu iliyoko kwao ndiyo unayotumia. Atakayepiga akisema "una mapunjo yako, tuma hela ya kufungulia faili" ni tapeli. Kata simu, tuma namba yake kwenda 15040, kisha nenda ofisi ya mfuko mwenyewe.