Wageni 40 na jiko la pleti mbili: tupike nini kwenye kipaimara?

SWALI: Shikamoo mpishi. Mwanangu anapata kipaimara Jumapili ijayo na tutakula nyumbani tukitoka kanisani, kama saa saba na nusu mchana. Nategemea watu wazima 28 na watoto 12. Nina jiko la gesi la pleti mbili, jiko moja la mkaa, na friji ya kawaida yenye friza juu. Nimeandika pilau, biriani, wali wa nazi, kuku wa kuchoma, samaki wa kupaka, ndizi nyama, maharage, chapati, sambusa, kachumbari na matunda. Baadhi ya majirani ni Waislamu, na mama mkwe ana kisukari. Nipunguze nini, na ninunue kiasi gani? (Mama wa kipaimara, Morogoro)

JIBU: Marahaba mama, na hongera sana kwa kipaimara cha mtoto.

Orodha yako ingefaa ukumbi wenye wapishi sita. Kwa jiko lako, hesabu moto kwanza. Una sehemu tatu tu za kuweka sufuria, na wewe mwenyewe utakuwa kanisani asubuhi nzima. Kwa hiyo kila chakula kipewe moto wake na saa yake, na kisichopata kitoke kwenye orodha hata kama unakipenda.

Biriani inatoka, kwa sababu inataka sufuria yake ya wali na nyingine ya masala, na pilau ipo tayari. Wali wa nazi unatoka kwa sababu hiyo hiyo. Samaki wa kupaka ni mtamu, lakini tui kwenye joto la mchana halikai, na watoto 12 wenye samaki wa miba ni kazi ya kuwasimamia. Ndizi nyama ipikie familia siku nyingine. Chapati kama unazitaka sana, agiza kwa mama chapati wa mtaani kwako azilete za moto, usisukume mwenyewe. Zinabaki pilau ya ng'ombe, kuku, maharage ya nazi, sambusa, kachumbari na matunda. Hiyo ni meza iliyojaa.

Sasa vipimo. Mtu mzima mhesabie gramu 125 za mchele mkavu, mtoto nusu yake. Inakuja kilo 4 na robo. Weka kilo 5, maana kuna wasaidizi wa jikoni na jirani atakayepelekewa sahani. Nyama ya pilau kilo 4 yenye mifupa kidogo inatosha, kwa kuwa kuna kuku pembeni. Kuku 6, kila mmoja vipande 8, utapata vipande 48. Maharage makavu kilo 2. Sambusa 80. Juisi ya ukwaju lita 20, na maji ya kunywa yasipungue hapo.

Hizo kilo 5 za mchele usizipike kwenye sufuria moja. Hapa ndipo pilau nyingi za nyumbani zinapoharibikia: chini panakuwa bokoboko, juu mchele una kiini, na mpishi akikoroga kutafuta usawa anavunja punje zote. Gawa kwenye sufuria mbili za kilo mbili na nusu, moja kila pleti. Maji nayo hayaongezeki sawasawa na mchele, kwa sababu sufuria kubwa hupoteza mvuke kidogo kuliko ndogo. Mchele mpya nao unakunywa maji kidogo kuliko wa mwaka jana. Mchele utakaonunua upike kikombe kimoja katikati ya wiki, kwa kikombe kimoja na nusu cha maji, uone unavyotoka. Siku yenyewe anza na kipimo hicho au pungufu kidogo. Supu ya moto iwe karibu, kwani kuongeza ni rahisi, kupunguza haiwezekani.

Kuku ndiye aliyekuwa akuangushe, mama. Jiko la mkaa la nyumbani linabeba vipande 8 hadi 10 kwa mara moja, na kuku mbichi anataka karibu nusu saa aive hadi kwenye mfupa. Vipande 48 ni raundi tano, yaani saa mbili na nusu, na wa kwanza atakuwa amepoa wa mwisho akiwa bado mbichi. Dawa yake: Jumapili asubuhi kuku achemshwe kwa tangawizi, kitunguu saumu, ndimu na chumvi kidogo hadi aive kabisa, kisha apande kwenye wavu dakika 8 hadi 10 kupata rangi na harufu ya moshi. Raundi tano zinakwisha ndani ya saa moja. Usimchemshe nusunusu Jumamosi ukamalizie kesho yake. Nyama iliyoiva nusu ikilala ni mahali pazuri pa vijidudu kuzaliana.

Ratiba iwe hivi. Alhamisi jaza na kunja sambusa, zipange kwenye trei ziingie friza. Jumamosi menya na kausha vitunguu vya pilau, chemsha maharage bila nazi, na chemsha nyama ya pilau hadi ilainike. Nyama itoe kwenye supu, itandaze kwenye trei pana ipoe haraka, na supu igawe kwenye vyombo vifupi. Vyote viingie friji ndani ya saa mbili. Kuku mbichi akae rafu ya chini kabisa asidondoshee vingine maji yake. Vinywaji vitoe kwenye friji, viwekwe kwenye beseni la barafu, kwani nafasi hiyo unaihitaji.

Jumapili saa nne kamili kuku anachemka kwenye gesi. Saa tano anahamia mkaani, na pleti zote mbili zinapokea pilau: mafuta, vitunguu, viungo, nyama, supu ichemke kwa nguvu, ndipo mchele. Saa sita na nusu pilau imekauka. Itoe kwenye gesi, funika vizuri na uipalie kwa makaa juu ya mfuniko; itakaa moto kwa saa nzima. Kuku ameshaingia kwenye hotpoti. Mkaa uliobaki unapasha maharage, tui linaingia hapo. Gesi imebaki wazi, na wageni wakiingia sambusa ndiyo zinaingia kwenye mafuta. Kachumbari na tikiti vikatwe saa hiyo hiyo, kabla ya hapo vinatoa maji.

Kwa kuwa uko kanisani, chagua mtu mmoja mwenye amri jikoni. Wawili wakiwa na amri, chumvi inatiwa mara mbili.

Majirani zako Waislamu waheshimu kwa jambo dogo: kuku wachinjwe na Mwislamu, nyama itoke bucha unayojua inachinja hivyo, na uwaambie mapema ili wakae mezani bila wasiwasi. Kama kuna shemeji atakayetaka kitimoto, kisiguse wavu huo wala kisipikwe hapo siku hiyo.

Mama mkwe usimpikie chakula cha peke yake kinachomtenga. Kuku wa kuchoma, maharage, kachumbari na pilau kidogo ni sahani inayofaa. Ukwaju mtengee jagi lisilo na sukari. Mwulize mwenyewe anapendelea nini, maana ndiye anayeujua mwili wake.

Jambo moja la usalama silipunguzi. Pilau isikae mezani zaidi ya saa mbili, na kwenye jua kali hata saa moja ni nyingi. Kuna kijidudu kiitwacho Bacillus cereus ambacho mbegu zake hazifi kwa kuchemka. Wali ukipoa taratibu kwenye sufuria kubwa zinaamka na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Pakua kidogo kidogo, sufuria ya pili ibaki imefunikwa jikoni. Wa kufungashiwa wafungashiwe pilau ingali ya moto, na uwaambie waile leo leo.

Na wageni wakifika 55, kama inavyotokea kwetu, usiongeze aina ya chakula. Hadi Jumamosi jioni ongeza mchele kilo moja na nusu, maharage kilo moja, na waambie wakate kila kuku vipande 10 badala ya 8.